TUMKUMBUKE MZEE KLEIST SYKES

Kila mwaka ifikapo tarehe 7 Julai twaisimulia upya habari ya wale watu 17 waliokutana Dar es Salaam mwaka 1954 wakaianzisha TANU. Habari hiyo ni njema na haitatuchosha. Lakini, ndugu wasomaji, watu wale 17 hawakukutana chini ya mwembe. Walikutana ndani ya nyumba, pale New Street, mtaa ambao siku hizi waitwa Lumumba. Nyumba hiyo ilikuwa na kuta, ilikuwa na paa, na kiwanja chake kilikuwa na hati. Ilikuwako tayari kabla ya TANU kuzaliwa. Nani aliyeijenga?

Swali hili tumeliuliza mara nyingi mbele ya vijana wa chama, na mara nyingi jibu ni kimya. Wengine husema, "Ilikuwa ya TAA." Ni kweli, lakini nani alikuwa TAA? Chama hakina mikono. Mawe hubebwa na watu, na fedha za mawe hutoka katika mifuko ya watu. Leo twataka kumtaja mmoja wa watu hao, kwa sababu tunaona jina lake limebaki kwenye kibao cha mtaa tu. Mtaa wa Kipata wa zamani, kule Gerezani, sasa waitwa Mtaa wa Kleist Sykes. Vijana wanaopanga bidhaa zao katika mitaa ile hulitamka jina hilo kutwa wakimwelekeza mteja, na hapana shaka wengi wao hudhani ni jina la Mzungu fulani.

Hakuwa Mzungu. Alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Pangani, mwaka 1894.

Habari ya kuzaliwa kwake yenyewe ni somo, nasi hatuoni haya kuisema ilivyo. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyetoka upande wa Inhambane katika Msumbiji. Alikuja nchi yetu pamoja na wenzake, wakiwa wameandikwa na Mdachi Hermann von Wissmann kuwa askari wa kuvunja vita vya watu wa pwani. Abushiri bin Salim alinyongwa pale pale Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Miaka mitano baadaye, katika mji huo huo, mtoto huyu akazaliwa, naye akapewa jina la Kidachi, Kleist. Basi mtu ambaye baadaye aliandika barua na miniti za chama cha kwanza cha Waafrika wote wa nchi hii alikuwa mtoto wa askari aliyeletwa kuwapiga babu zetu. Wako watakaotaka tuipitie habari hii haraka haraka. Sisi twaona afadhali isemwe. Nchi hii haikujengwa na watu wenye ukoo mmoja wala wenye historia safi isiyo na doa. Ilijengwa na watu waliojikuta hapa, wakaamua kuwa hapa ndipo kwao.

Baba hakuishi akaona mtoto wake akikua. Baada ya Lugalo, mahali ambapo Mkwawa aliwashinda Wadachi tarehe 17 Agosti 1891, Wadachi walirudi Uhehe kwa nguvu, wakaipiga ngome ya Kalenga mwaka 1894. Yasimuliwa katika ukoo huo kwamba Sykes Mbuwane alikufa maji akivuka mto katika safari ya kurudi kutoka vita vya Uhehe. Mtoto akalelewa Dar es Salaam na Effendi Plantan, mkubwa wa Wazulu wale waliokuja na Wissmann. Akakulia katika nyumba moja na watoto wa mlezi wake, Thomas, na Schneider, na Ramadhani Mashado, yule aliyekuja kuwa mwenye gazeti la Zuhra. Nyumba hiyo ya askari ikatoa watu wa siasa na mtu wa magazeti. Mambo ya Mungu hayana ramani.

Kleist akasoma Kijerumani, akajua kukiandika vizuri, na vita vya 1914 vilipoanza alikuwa kijana wa miaka 20 katika jeshi la Wadachi chini ya von Lettow-Vorbeck. Hapa hatuna haja ya kuimba sifa. Vita ile haikuwa yetu. Mdachi na Mwingereza waligombana kwao Ulaya, wakaja kumalizia ugomvi katika mashamba yetu. Askari Mwafrika wa Mdachi alipigana na askari Mwafrika wa Mwingereza, kutoka Tanga mwaka 1914, mpaka Mahiwa mwaka 1917, wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na mwisho bunduki zikawekwa chini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya Ulaya kunyamaza. Na nyuma ya askari walikuwako wapagazi, makumi ya maelfu waliokufa kwa njaa, kuhara na kuchoka, wengi hata majina yao hayakuandikwa. Kambi yao Dar es Salaam iliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Mdomo wa Mswahili ukalifanya neno hilo kuwa Kariakoo. Mtu anunuaye khanga Kariakoo leo anatembea juu ya kaburi la jina hilo.

Waliorudi kutoka vita ile walipata nini? Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya askari katikati ya mji, na maneno yaliyochongwa pale yanamwambia askari, kwa maana yake, kwamba akifa watoto wake watalikumbuka jina lake. Hayo ndiyo malipo, jina. Tena sanamu ile ni ya wale waliompigania Mfalme wa Uingereza. Aliyekuwa upande wa Mdachi hakuwa na sanamu wala posho. Mwaka 1964 ndipo Bunge la Ujerumani Magharibi likaamua kuwalipa wazee wale mishahara waliyokuwa wakidai tangu vita. Husimuliwa kwamba mlipaji alikuja Mwanza, wakamkusanyikia wazee wapata 350, wachache tu kati yao wakiwa na hati mkononi. Mlipaji akawaza, halafu akampa kila asiye na hati ufagio, akatoa amri za bunduki kwa Kijerumani. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Miaka 46 ilikuwa imepita, na mwili ulikuwa haujasahau. Wakati huo Kleist Sykes alikuwa amekwisha kufa miaka 15.

Lakini Kleist hakukaa kungoja deni la Mdachi. Hapa ndipo maisha yake yanapoanza kutuhusu sisi wana-chama. Askari wa jeshi lililoshindwa, katika nchi iliyopata bwana mpya, alikuwa na mambo mawili tu mkononi: kalamu na nidhamu. Akaingia kazi ya ukarani katika Reli ya Tanganyika, ile ile reli iliyojengwa na Wadachi kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma. Ukarani siku zile ulikuwa kilele cha Mwafrika. Juu yake kulikuwa na Mhindi, na juu ya Mhindi kulikuwa na Mzungu, na ngazi iliishia hapo. Wengi walioufikia ukarani walivaa kanzu nyeupe au kaptura iliyopigwa pasi, wakajiona wamemaliza mwendo. Kleist alikuwa na kanzu yake pia, lakini hakuona kuwa amemaliza mwendo.

Mwaka 1924 alipita Dar es Salaam Mwafrika mmoja kutoka Gold Coast, Dr. James Aggrey, akiwa pamoja na tume ya Phelps-Stokes iliyokuja kuchungua elimu ya Waafrika. Kleist alikutana naye. Kumbukumbu alizoziacha Kleist zaonyesha kwamba mazungumzo yao ndiyo yaliyomtia moyo wa kuunda umoja wa Waafrika. Tufikirie kidogo. Alikuwako mtu mweusi, msomi, aliyekaa meza moja na Wazungu wa tume bila kuinama, naye akamwambia karani wa reli wa Dar es Salaam kwamba Waafrika wanapaswa kuwa na chama chao. Aggrey alikufa mwaka 1927, hakuyaona matunda. Lakini Kariakoo kuna Mtaa wa Aggrey, na Gerezani kuna Mtaa wa Kleist Sykes, na kutoka mmoja kwenda mwingine ni mwendo wa miguu tu.

Chama kilichukua miaka mitano kuzaliwa. Kabla yake, mwaka 1922, watumishi wa Serikali Waafrika walikuwa wameanzisha umoja wao Tanga chini ya Martin Kayamba, lakini huo ulikuwa umoja wa watumishi, wa mishahara na likizo. Mwaka 1929 African Association ikasimama Dar es Salaam. Rais wake wa kwanza alikuwa Mwalimu Cecil Matola, na katibu alikuwa Kleist Sykes. Waanzilishi walikuwa tisa, na kati yao walikuwamo Mzee bin Sudi, Ibrahim Hamisi, Zibe Kidasi, Ali Said Mpima, na wenzao. Yasomeni majina hayo kwa makini. Mwislamu yumo, Mkristo yumo. Mzaliwa wa mji yumo, na mtu wa kuja yumo. Katika chama kizima hapakuwa na neno la kabila. Wakati Serikali ya Kiingereza ilikuwa ikifanya kazi usiku na mchana kutupanga katika makabila na kutuwekea machifu, watu hawa tisa walijiita Waafrika tu. Neno hilo moja lilikuwa siasa nzima, ingawa sheria za chama zilisema ni chama cha maendeleo na ustawi. Mtumishi wa Serikali hakuruhusiwa siasa, na Kleist alikuwa mtumishi wa reli ya Serikali. Kila barua aliyoitia sahihi ilikuwa na ugali wa watoto wake ndani yake.

Kisha wakajenga ile nyumba. Kiwanja kilikuwa kwenye pembe ya New Street na Mtaa wa Kariakoo. Wanachama walichanga na wakajitolea kwa mikono yao, baada ya kazi na siku za mapumziko. Wengine walileta mawe, wengine wakachanganya udongo na chokaa. Chama kilikuwa hakina mfadhili kutoka ng'ambo wala ruzuku ya mtu yeyote. Nasi tungependa kila katibu wa tawi anayelalamika kwamba hana ofisi kwa kuwa fungu halijaletwa, asimame siku moja mbele ya pembe ile ya mtaa, atulie kidogo.

Sasa tuje kwenye biashara, maana ndiyo inayowatatanisha watu.

Dar es Salaam ya siku zile iligawanywa vipande vitatu kwa kanuni za ujenzi. Cha kwanza, karibu na bahari, kilikuwa cha nyumba za Kizungu. Cha pili kilikuwa cha maduka, nacho kilikuwa cha Wahindi. Cha tatu, Kariakoo na jirani zake, kiliruhusiwa nyumba za udongo, nacho kilikuwa chetu. Kanuni hazikuandika rangi ya mtu. Ziliandika aina ya nyumba, na nyumba ya mawe iligharimu fedha, basi rangi ikajipanga yenyewe. Mwafrika aliyetaka kuuza kitu alikuwa na nafasi katika kipande cha tatu, kwa wateja maskini kama yeye.

Tena kulikuwa na sheria ya mwaka 1923 juu ya kuwakopesha wenyeji. Serikali ilisema ni sheria ya kumlinda Mwafrika asinyonywe na mwenye duka. Maana yake ilikuwa hii: asiyekuwa Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali cha Serikali, hawezi kumshtaki mahakamani akikataa kulipa. Kinga hiyo ilikuwa tamu kusikia. Lakini biashara yote ya pwani yetu, tangu zamani, ilikwenda kwa mali kauli. Mwenye duka dogo huchukua mzigo leo kwa tajiri wa jumla, huuza, hulipa mwisho wa mwezi. Nani atakayempa mali kauli mtu asiyeweza kumshtaki? Mhindi wa jumla alimkopesha Mhindi mwenzake wa rejareja, huyo akafungua duka bila rasilmali. Mwafrika akatakiwa fedha taslimu. Kwa hiyo mara nyingi mwenye duka Mwafrika alinunua sukari, chumvi na mafuta ya taa kwa bei ya rejareja, akaigawa tena kwa kibaba na kijiko, na faida yake ikatoka katika ule ukubwa wa kijiko. Halafu jirani na shemeji na mtu wa kwao huja kukopa. Akiwanyima ni bahili, na akiwapa duka hufungwa. Mtu anayesema Mwafrika hajui biashara na aulizwe kwanza kama yeye angeweza kufanya biashara ndani ya chupa ya namna hiyo.

Wenye maduka wenyewe walilijua hilo. Mwaka 1934 Erica Fiah, mtu wa Buganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, aliunda chama cha ustawi na biashara cha Waafrika, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu, akayaeleza malalamiko hayo kwa lugha kali. Fiah na watu wa African Association hawakupendana sana. Wenye duka waliwaona makarani kuwa ni mabwana wadogo, na makarani waliwaona wenye duka kuwa ni wapiga kelele. Ugomvi huo ulitupotezea miaka. Kleist alikuwa na bahati, au tuseme akili, ya kuwa na mguu mmoja kila upande.

Mwaka 1942 akaiacha reli akaingia biashara moja kwa moja. Alikuwa na miaka 48, umri ambao karani mwingine angehesabu siku za kupumzika barazani. Tena ulikuwa wakati mgumu: vita ya pili ilikuwa imepamba moto, nguo zilikuwa zimeadimika, vyakula vilikuwa vikigawiwa kwa kipimo, na bei zilikuwa zikipanda kila mwezi. Kufanya biashara wakati huo kulitaka mtu ajuaye vitabu vya hesabu na ajuaye kuzungumza na ofisi za Serikali. Miaka yote ya reli ilikuwa imemfundisha yote mawili. Hakufungua njia kwa kipaji cha ajabu. Alifungua njia kwa kuandika kila senti iliyoingia na kila senti iliyotoka, na kwa kukataa kuogopa kaunta ya ofisi. Wafanyabiashara wetu wa leo wenye simu mbili na magari mawili, wengi wao bado hawana daftari la mapato na matumizi. Tumewaona.

Wala hakuiacha kazi ya watu. Tangu 1933 alikuwa katibu wa Al Jamiatul Islamiyya, chini ya urais wa Mzee bin Sudi, na umoja huo ulijenga shule Dar es Salaam wakati ambapo mtoto wa Kiislamu alikuwa na milango michache mno ya shule. Watu wale wale waliochanga kwa African Association walichanga na huko. Mtu mmoja alikuwa na karatasi za vyama viwili katika sanduku moja, na hatujasikia kwamba kimoja kilikula fedha za kingine. Jambo hilo katika vyama vyetu, tuseme kweli, ni la kutiwa katika historia.

Mzee Kleist alifariki mwaka 1949, akiwa na miaka 55. Mwaka uliotangulia chama chake kilikuwa kinaitwa sasa Tanganyika African Association. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado mikononi mwa Mwingereza, chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na katika Baraza la Kutunga Sheria viti vya Waafrika vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole, vyote vya kuteuliwa na Gavana. Mtu aliyemtazama Kleist akizikwa angeweza kusema kazi yake imekwisha kufifia. Chama kilikuwa kimelala, wazee walikuwa wakigombania viti, na vijana walikuwa wakinung'unika nje.

Vijana hao wa nje walikuwa wanawe pamoja na wenzao. Abdulwahid, aliyezaliwa mwaka 1924, na Ally, aliyezaliwa mwaka 1926, nao walikuwa wamekwenda vitani, safari hii upande wa Mwingereza, katika jeshi la King's African Rifles, mpaka misitu ya Burma. Babu alipigana kwa ajili ya Mdachi, baba akapigana kwa ajili ya Mdachi, watoto wakapigana kwa ajili ya Mwingereza. Vizazi vitatu vilibeba bunduki za watu wengine. Husimuliwa kwamba mwisho wa mwaka 1945, katika kambi ya Kalieni karibu na Bombay, askari wa Tanganyika waliokuwa wakingoja meli ya kurudi nyumbani walikaa wakazungumza, na Abdulwahid alikuwa mmoja wao, wakasema bunduki ya nne iwe ya kwetu, nayo iwe chama cha siasa.

Aliporudi, Abdulwahid alikuwa katibu wa chama cha makuli wa bandari baada ya mgomo mkubwa wa 1947. Mwaka 1950 yeye na Dr. Vedasto Kyaruzi waliushika uongozi wa TAA, Kyaruzi rais, Abdulwahid katibu, kiti kile kile alichokalia baba yake miaka 21 nyuma. Tarehe 17 Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglo, mwalimu kijana kutoka Pugu, Julius Nyerere, akachaguliwa rais wa TAA mbele ya Abdulwahid. Aliyeshindwa hakununa, wala hakuanzisha chama chake. Miezi 15 baadaye TANU ikazaliwa. Yaelezwa ya kwamba kadi 1,000 za kwanza zilichapwa kwa fedha za Ally Sykes mwenyewe. Kadi namba 1 ilikuwa ya Nyerere, namba 2 ya Ally, namba 3 ya Abdulwahid. Na Nyerere alipouacha ualimu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, akiwa hana mshahara wala nyumba mjini, alikaribishwa kwa Abdulwahid.

Chakula kile na kitanda kile na zile kadi zilitoka wapi? Zilitoka katika nyumba iliyokuwa na kitu. Nyumba hiyo ilikuwa na kitu kwa sababu askari mmoja wa zamani hakuridhika na ukarani. Wasomaji wetu wanajua kwamba chama hiki kimekuwa na maneno makali juu ya wafanyabiashara. Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 liliweka masharti: kiongozi asiwe na hisa katika makampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Tuliyaunga mkono masharti hayo na hatuoni haya. Tulikuwa tumeona viongozi wakianza kunona mapema mno. Lakini yapasa tukubali pia ya kwamba kwa masharti yale, mtu wa aina ya Mzee Kleist angelazimika kuchagua kati ya biashara yake na kiti chake. Na kwa muda mrefu, katika matawi yetu, neno "mfanyabiashara" lilikuwa tusi. Tangu mwaka 1991, masharti yalipolegezwa Zanzibar, tumekwenda mpaka ng'ambo ya pili ya mto: sasa mfanyabiashara hukaribishwa mbele, huwekwa kiti cha mbele, na hakuna anayemuuliza mali yake ilitoka wapi wala inakwenda wapi.

Kwa maoni yetu Kleist Sykes anatupa kipimo kati ya hayo mawili. Alitafuta mali, na hakuwa mtawa. Lakini alikuwa katibu wa chama kabla hajawa tajiri, na alipopata, chama hakikuwa ngazi ya kupatia zaidi, kwa sababu chama cha siku zile kilikuwa hakina cha kumpa mtu isipokuwa gharama na macho ya polisi. Mtu anayeingia chama leo akiwa na fedha, na tumuulize maswali mawili tu: aliingia lini, na siku aliyoingia chama kilikuwa na nini cha kumpa.

Sasa tuna maombi, nayo si makubwa. Abdulwahid alifariki tarehe 12 Oktoba 1968, akiwa na miaka 43 tu. Ally alifariki Nairobi mwezi Mei 2013. Waliomjua Mzee Kleist kwa macho wamekwisha. Kilichobaki ni karatasi. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliandika maisha ya babu yake kutokana na kumbukumbu alizoziacha mzee mwenyewe, na maandishi hayo yalitoka mwaka 1973 katika kitabu cha maisha ya Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe. Ni maandishi mazuri, lakini ni ya Kiingereza. Twaomba chama kiyatoe kwa Kiswahili, kwa bei ya mtu wa Kariakoo, na kila tawi lipate nakala.

Na pale Lumumba, ilipo ofisi ya chama, twaomba kibao kimoja ukutani. Kisiwe cha marumaru wala kisifunguliwe kwa hotuba ndefu. Kiandikwe majina ya wale tisa wa 1929, na chini yake kiandikwe kwamba nyumba ya kwanza mahali hapa ilijengwa na wanachama kwa mikono yao. Fedha ya kibao hicho haihitaji kuombwa Dodoma. Gazeti hili limeanza mchango, na makarani wetu wanapokea kuanzia senti yoyote, kwa stakabadhi.